Mituka ya Upepo na Mkeka wa Mjomba

Anzeni kwa bismillahi, wanangu, kisha mketi. Safi binti yangu, sogeza pazia kidogo nione njia, na wewe mwanangu Matata kaa hapa chini karibu na kichwa changu, kwa kuwa sauti yangu leo haifiki mbali na sitaki kurudia neno. Wenzenu wote nimewatuma sokoni na mtoni, si kwa sababu natamani samaki, mtu wa hali yangu hatamani samaki tena, bali nilitaka nyumba iwe tupu muda huu baina ya adhuhuri na alasiri. Baada ya sala atakuja mjomba wenu Hamadi, pamoja na Maalim Kalume na mzee Tambwe, shefu wa kartie yetu, mkuu wa mtaa huu, nami ndiye niliyewaita wote watatu. Kabla hawajafika nina maneno ya kwenu ninyi wawili tu, watoto wangu na wa marehemu mama yenu Sharifa. Msinikatize, kwa maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya mabishano.

Mambo ya mirathi ni mepesi. Nyumba hii ya Mikelenge, shamba la mihogo nyuma yake, na duka la vitenge pale karibu na gare, kwenye stesheni ya treni, hayo Mungu alikwisha kuyagawa kabla sijazaliwa, na Maalim atawaonyesha fungu la mwanamume na fungu la mwanamke. Asiyeridhika agombane na Kitabu, asigombane na mifupa yangu. Cherehani ya mama yenu nilimpa Safi angali hai mwenyewe, isiguswe. Duka msiliuze hata mkitishwa na njaa, maana mwenye kuuza duka hula mara moja. Kiwanja cha Pangi hakina ugomvi wowote. Haya yote mtayapata, na hayanisumbui usingizi.

Kinachonisumbua ni mituka ya upepo, hivi vigari vya kuongozwa kwa hewa kutoka mbali. Najua mji mzima unanicheka kwa ajili yake, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, aliyesoma chuoni mpaka akahitimu, kisha anapiga magoti mchangani nyuma ya kigari kisichofika magotini. Nacheka nao. Lakini ninyi mnajua nilivyoipenda, na leo nataka niwaambie kwa nini niliipenda na kwa nini siwaachii hata mmoja.

Ule mwekundu ndio wa kwanza. Ulikuwa wa Bwana Yani, yule Mgiriki aliyekuwa akiniuzia vitambaa vya jumla, na mwaka ule maduka ya wageni yalipochukuliwa na kupewa watu wa Chama, alikuja mlangoni kwangu na sanduku la sabuni mikononi, macho mekundu, akaniambia, "Mbaraka, duka wamechukua, hii wasichukue." Ndani ya sanduku kulikuwa na mutuka wa mashindano, mrefu wa mkono mmoja, pua yake imepasuka, na injini ndogo ya chuma inayokunywa spiriti iliyochanganywa na mafuta ya mbarika. Safi, unakumbuka ulivyopanda mibarika nyuma ya choo na kukamua mafuta yake mwenyewe, mpaka jirani wakadhani tunatengeneza dawa ya kuharisha? Siku ya kwanza ulipouwasha, moshi wake ukajaa ua mzima na kuku wakakimbilia barabarani, na mama yenu akaapa kuwa nimeleta shetani nyumbani. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyofungua duka.

Baadaye ndipo nikashikwa na ule ugonjwa wa kukusanya. Kila nilipopeleka vitenge Kalima, kwa wazungu wa migodi, nilikuwa nauliza nani ana mutuka wa antena uliovunjika, nani anarudi kwao na hataki kuubeba. Ule mweupe wenye namba ubavuni nilibadilishana na injinia mmoja kwa doti za vitenge nilizompa mke wake. Ule wa manjano, wenye magurudumu ya miiba, ulikuwa wa padre wa Lokandu aliyekuwa akiukimbiza kwenye mchanga maji ya Lualaba yakipungua, hata siku moja ukamzamia, wavuvi wakautoa ndani ya mtego pamoja na kambare. Wazungu waliona mituka hiyo ni ya zamani, imepitwa, huko kwao ilikwisha kutokea mipya inayokwenda kwa betri na kukimbia zaidi. Mimi niliona kuwa kitu kilichoundwa kwa uangalifu namna ile hakizeeki, kinasubiri mtu tu. Safi ndiye aliyeifufua yote, kwa bisibisi na subira, na kila mmoja una namna yake ya kulia ambayo ningeitambua hata nikifumbwa macho.

Sasa sikilizeni jambo moja kuhusu mituka hii, maana ndani yake ndimo lilimo neno langu. Kila kisanduku cha kuongozea kina kijiwe kidogo cha rangi ndani yake, chekundu, cha manjano au cha kijani, na mutuka wenyewe una kijiwe cha rangi hiyohiyo. Wenye rangi moja hawachezi pamoja kamwe. Mutuka ukisikia mabwana wawili kwa mara moja huchanganyikiwa, unageuka ovyo na kugonga ukuta, na ndiyo maana tulikuwa tunafunga utepe kwenye antena, ili kila mtu aone mwenzake ana rangi gani. Mutuka hauna akili ya kuchagua, wanangu. Kila anayesema katika njia yake ya hewa, unamtii.

Sikukuu moja ya Chama, komisere, mkubwa wa serikali hapa, alisikia habari zetu akaamuru tukimbize mituka kwenye uwanja wa mpira, baada ya zile ngoma za kusifu ambazo kila karani na kila mwalimu alilazimika kuzicheza jua likimchoma. Nilikuwa mimi na mwekundu wangu, na Donatien mwalimu akiwa na ule mweupe. Mnamkumbuka Donatien, rafiki yangu, ambaye mbele ya watu tulipaswa kumwita kwa jina la babu yake kwa sababu majina ya kizungu yalikatazwa, na nyumbani tukamwita Donatien kama kawaida. Yeye alikuwa ametoka kucheza ngoma, jasho linamtiririka, akasimama kati yangu na mjomba wenu, akasema kwa sauti ya chini, "Tunacheza ngoma kila siku, na batoto ba shule habana hata chaki. Hii njo maendeleo gani?" Mimi nikamkanyaga mguu anyamaze. Hamadi akacheka, akampiga bega, akasema, "Mwalimu, weye uko na kinywa kizuri," kisha akaondoka akaenda kusimama kule ukutani.

Komisere akaanza kuhutubia. Visanduku vyote vya kuongozea vilikuwa vimezimwa, vimepangwa juu ya meza, antena zimelala. Ila mutuka wangu mwekundu niliuacha miguuni pangu, injini imezimwa lakini kipokezi chake cha hewa kinawaka. Basi nikauona unageuza magurudumu, kushoto, ukatulia, kulia, ukatulia. Hakuna mtu aliyekuwa amegusa kisanduku. Nikainua macho nitafute nani ana kisanduku cha rangi nyekundu, nikazunguka uwanja mzima kwa macho, na nikamwona Hamadi kule ukutani, ndani ya abakosti yake ya rangi ya majivu, ile suti ya Chama isiyo na tai, mkono umeingia kifuani, kidevu kimeinama, midomo inacheza. Midomo ikisimama, magurudumu yanasimama. Midomo ikianza, magurudumu yanaanza. Ndani ya abakosti mle mlikuwa na kisanduku kingine, kinachorusha maneno yake katika njia ya hewa ya mwekundu wangu.

Kabla ya juma kuisha, Land Rover isiyo na namba ilisimama mbele ya nyumba ya Donatien, ikaondoka naye. Mke wake Emerance alikwenda kuuliza kila mlango wenye bendera, alifika mpaka Bukavu, na kila mlango ulimwambia mtu huyo hatumjui. Mpaka leo anauza sombe, majani ya mihogo, pale karibu na gare na hajavaa nguo ya eda, kwa kuwa hakuna aliyemwambia avae. Safi, ndiyo sababu kila Ijumaa nilikutuma kwake na unga, na ukiuliza nilikuambia ni sadaka tu.

Mimi sikutaka kuamini. Ndugu wa mke wangu, mtu aliyeshika kichwa changu siku ya ndoa! Nikasema pengine ni jua, pengine ni mutuka mbovu. Ikaja Idi, nikamwalika kama kawaida, nikauacha mwekundu unasikiliza chini ya meza, kipokezi kikiwaka, umefunikwa kwa kanga. Tukala pilau, tukacheka, akanisifu. Alipoinuka kwenda uani kunawa, kanga ikaanza kutikisika. Mama yenu akasema panya, nami nikasema ndiyo, panya. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kilikuwa kinakula mezani pangu, kwa bakuli langu, na bado nikakiongezea nyama.

Mtaniuliza kwa nini nilinyamaza. Ningemwambia nani? Mama yenu alimpenda ndugu yake mpaka kufa kwake, akafa akimwombea, na sikuwa na moyo wa kumpokonya hilo. Nikachagua njia nyingine. Nikajifanya mzee wa vichezeo. Watu wakija hapa na maneno mazito, nawaonyesha mituka. Wakitaka siasa, nawaeleza habari za magurudumu. Na mjomba wenu akikaa nasi, mimi ndiye ninayesema zaidi, upuuzi mtupu, mpaka anachoka na kwenda zake. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata hii haikusema. Ndivyo nilivyowalea mkawa wakubwa, na ndivyo mlivyojifunza kunyamaza bila kujua mnajifunza nini.

Usisimame, Matata. Keti, nimesema. Ukimwendea na panga utakuwa umemfanyia kazi yake, na mimi nitakuwa nimezaa mtoto wa kuzikwa na Land Rover. Hasira ni hasara. Nipe maji kwanza.

Alhamdulillahi.

Sasa mnasikia hatari yenyewe iliko. Tangu waasi waliposhambulia kule Moba, mmesikia wenyewe tangazo lililosomwa sokoni, kwamba mwenye mashine yoyote ya kurusha sauti hewani bila karatasi ya serikali atahesabiwa pamoja na maadui wa nchi. Visanduku vyetu vina antena, vinarusha hewani, na karatasi havina. Hilo halikumpita Hamadi. Juzi alikuja kunijulia hali, akadhani nimelala, nami nikasikia anavyosema nawe, Matata, nyuma ya ukuta huu: "Weye njo mwanaume wa nyumba sasa. Siku ya mukeka, hizi masanduku yote ya antena nitazitaja kwa jina lako, batu bote basikie." Nawe ukashukuru. Ukaona mjomba anakupa heshima.

Mnajua desturi yetu. Siku ya tatu baada ya kuzika, khitma ikiisha kusomwa, mjomba ndiye anayetandika mkeka uani, na kila kitu cha marehemu kinaletwa kinawekwa juu yake, na mjomba anakiinua na kutaja jina la anayekipokea, kwa sauti, mbele ya mtaa mzima, ili kesho asitokee wa kusema sikujua. Desturi nzuri, imetuepusha ugomvi tangu enzi za babu zetu waliokuja na biashara. Na kwa desturi hiyohiyo atasimama mjomba wenu mwenyewe, atainua kisanduku chenye antena, atasema, "Hiki ni cha Matata," na mtaa mzima utaitika. Hatahitaji tena kunong'ona kifuani. Mashahidi watakuwa majirani zako mwenyewe, watu wasio na kosa lolote.

Msimdhanie kuwa mchawi. Nimemtazama miaka mingi, ni mtu anayeogopa. Wanaomtuma wanataka jina, na asipowapa jina la mtu mwingine watachukua lake, na kadiri anavyozeeka majina yanamwishia, sasa amefika kwenye damu ya dada yake. Namwonea huruma. Lakini huruma yangu haifiki mahali pa kumpa mwanangu.

Najua unalosema moyoni, Safi, kwamba tuvitupe vyote Lualaba jioni hii. Haifai. Keshaviona, keshavihesabu kwa macho yake, na kitu kilichoonwa kikikosekana huulizwa zaidi ya kile kilichopo. Mtaulizwa mmevipeleka wapi, mmempa nani, porini kwa nani. Hapana. Nimefikiri siku nyingi nikiwa nimelala hapa mnadhani naweweseka, na nimeona mlango mmoja tu, nao ni mlango wa sheria.

Mtu akifa, thuluthi ya mali yake ni yake kuusia atakavyo, ila wosia kwa mrithi haujuzu. Ninyi ni warithi wangu. Ndugu wa mke wangu si mrithi wangu. Mnaelewa? Mituka yote, na visanduku vyake vyote, thamani yake haifiki hata nusu ya thuluthi. Basi leo, mbele ya Maalim anayejua sheria, na mbele ya shefu wa kartie ambaye ni mkono wa serikali hapa mtaani, nitampa Hamadi mkusanyo wangu wote, kwa kumtaja jina, naye atabeba leo kabla ya jua kuchwa. Akishavipokea, visanduku vitakuwa nyumbani kwake, na Tambwe atajua, na Maalim atajua, na mtaa utajua. Hataweza tena kusema neno juu ya antena bila kujitaja mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi sitaki afe ndani yake, nataka akae humo anyamaze.

Anaweza kukataa, ndiyo. Sheria inamruhusu. Ila desturi yetu inajulikana, anayekataa kitu cha mtu anayekata roho ni kama amekataa kumzika, na watu watamuuliza kwa nini. Itambidi aseme hofu yake ni nini, na ameijuaje. Hilo hataliweza.

Usilie, mwanangu. Najua mibarika uliipanda kwa mikono yako. Najua ule wa manjano ulikaa nao miezi ukiusafisha tope, na ukanililia uliposimama tena juu ya magurudumu yake. Ungekuwa wako, Wallahi, ungekuwa wako wote, na mimi ningekufa nikicheka. Naitoa mituka yangu kama mtu anavyokata kidole ili abaki na mkono, na inaniuma, sitawaficha. Ikumbukeni tu. Kukumbuka hakuna antena.

Na haya ya mwisho kabla hawajaingia. Msimchukie mjomba wenu usoni. Msalimieni, mpikieni, mfiwe pamoja naye. Siku ya mkeka mwacheni atandike, lakini visiletwe juu yake ila nguo zangu, kofia, msahafu na mizani ya duka. Mtu akisema jambo zito mbele yenu, jibuni kwa jambo jepesi. Emerance msimwache. Safi, usiolewe na mtu anayecheka kabla hujamaliza kusema. Matata, wewe...

Nasikia viatu. Futa machozi, Safi. Fungua mlango.

Waalaikumu ssalaam, Maalim. Karibu, shefu. Shemeji, karibu, keti hapa, karibu nami, nikuone. La, sijambo kidogo. Sina muda wa chai. Nimewaita mnisikie, kwa kuwa nina wosia, na wosia unataka mashahidi wawili waadilifu, nami nimewapata. Maalim, thuluthi ni yangu, sivyo? Umesikia, shefu, Maalim amesema ndiyo. Basi mimi Mbaraka, mwenye akili zangu timamu, naivua nafsi yangu leo na mituka yangu yote ya upepo, mwekundu, mweupe, wa manjano, na mingine yote iliyoko chumbani, pamoja na visanduku vyake vyote vya antena vyenye kurusha hewani, naviusia kwa shemeji yangu Hamadi, ndugu wa marehemu mke wangu. Ni vyake. Si vya mwanangu, si vya binti yangu, hawana haki wala dai ndani yake. Na ninaomba vitoke leo, visilale tena ndani ya nyumba hii. Shefu, utakumbuka ni vya nani? Taja jina. Vizuri, Mungu akuweke.

Unasemaje, shemeji? Ni mali ya watoto? Watoto wana nyumba. Nyumba yako ni finyu? Vigari vyenyewe ni vidogo. Sema kwa sauti, ndugu yangu, Maalim hakusikii vizuri, mwambie hutaki kwa sababu gani.

Haya. Nilijua hutanikataa. Safi, mletee kisanduku kimoja, kile cha utepe mwekundu. Pokea. Si kwa mkono mmoja, shemeji, kitu cha mtu anayeondoka hupokewa kwa mikono miwili. Ndiyo hivyo. Matata, msaidie mjomba wako kubeba... taratibu, vioo visivunjike.

Nimechoka sasa. Niinulieni mto. Safi, shika... hapa, mkono. Mimi naondoka, na huko niendako hakuna Land Rover inayofika. Ninyi mnabaki. Mola awape riziki isiyo na fedheha. Awape watoto wanaocheka ovyo. Awape nyumba... ambayo mtu anaweza kusema neno kwa sauti, mlango wazi, na neno lisitoke kwenda kumchongea. Awape nchi ya namna hiyo, mkiwa hai.

Semeni amina. Kwa sauti, nisikie. Maalim... shefu... wanangu...

Na wewe, Hamadi. Sijakusikia.